Magoti ya Asubuhi

Kila asubuhi alianza na vidole vya miguu. Alilala chali akitazama dari, akaviambia vijikunje. Vikigoma, anasubiri. Vikikubali, anapanda kwenye vifundo, halafu magoti. Hayo magoti ndiyo yalikuwa na kiburi kuliko vyote. Yalikuwa yameumuka kama unga uliotiwa hamira, yana joto, na ukijaribu kuyanyoosha kwa nguvu yanakujibu mpaka unauma shuka. Basi anayabembeleza. Kidogo mbele, kidogo nyuma, huku ametega sikio kusikia kama baba yake ameshawasha pasi chumba cha mbele.

Nyumbani baba yake alimwita mama, kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Shuleni walimwita Kobe, na hilo wala halihitaji maelezo. Ukimwona asubuhi anavyokokota miguu getini, begi limemwinamisha, hata wewe ungemwita hivyo.

Baba yake alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa duka: meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi, ndoo ya wanga, kamba iliyojaa hanga, na marobota ya shuka za nyumba ya wageni yaliyorundikwa mpaka karibu na dari. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, ua wa kuanikia, na bafu lenye mlango wa mbao. Mama yake alifua, baba alipiga pasi, na wote wawili walikuwa na neno moja walilolisema kama salamu: nguo haitoki humu na mkunjo. Hata kitambaa cha mkononi. Hata gauni la mtoto mchanga ambalo litatapikiwa kabla ya saa sita.

Mtoto huyu naye alikuwa na ujanja wake. Akishafaulu kusimama, alijiburuta mpaka dukani, akasema, "Baba, nikukunjie shuka?" Baba alifurahi, akafikiri amezaa mchapakazi. Kumbe mwenzake anachotaka ni joto. Shuka ikitoka tu kwenye pasi, aliikumbatia, akaingiza mikono katikati ya mikunjo, akajifunika nyingine magotini, na pale ndipo vidole vilianza kurudi kuwa vidole. Ila kulainika kote kulichukua muda. Alipofika shuleni, kengele ilikuwa imeshalia zamani na wenzake wapo kwenye hesabu.

"Umechelewa tena," mwalimu wa darasa alisema. "Leo kuna nini?"

"Shikamoo, mwalimu. Nilitumwa kupeleka nguo za mteja."

Uongo huo aliutumia mpaka ukachakaa. Nguo za mteja. Robota la nyumba ya wageni. Mkaa wa pasi. Na ubaya ni kwamba hata angetaka kusema ukweli, mwili usingemtolea ushahidi. Ilipofika mapumziko ya saa nne, magoti yalikuwa yamelegea, akaruka kamba na wenzake kama kawaida. Rafiki yake, msichana mmoja mwenye mdomo usiopumzika waliyemwita Redio, alimshangaa.

"Wewe Kobe! Ile miguu ya asubuhi umeiacha wapi?"

"Nimeipeleka kwa fundi," alijibu, na wote wakacheka, naye akacheka.

Akicheza, wanasema asubuhi alikuwa anaigiza. Akikaa kitako, wanasema anaringa. Huku ukuta, kule ukuta. Mara moja alijaribu kumwambia mama yake. Mama alikuwa ameinama kwenye karai, povu mpaka kwenye viwiko, akacheka bila kuinua kichwa. "Umri huo unaumwa magoti? Ukifika umri wangu utaumwa nini, kope?" Hakusema kwa ubaya. Lakini msichana aliondoka pale ameufunga mdomo, na hakuufungua tena.

Kilichomfunga zaidi ni Redio. Siku moja alisimulia habari za mama mmoja jirani yao. "Vidole vyake vimepinda hivi, kama mizizi. Yaani hata kikombe hashiki. Mama anasema ugonjwa ulianza na magoti tu." Redio alisimulia huku anatafuna, hana habari. Mwenzake aliiweka mikono yake chini ya dawati na hakuitoa mpaka kipindi kikaisha.

Siku moja jioni mwalimu alikuja dukani. Hakuja na nguo.

"Baba, nimekuja tuongee kuhusu mtoto," alisema. "Najua kazi ni nyingi. Lakini kumtuma kila asubuhi mpaka anakosa vipindi, si sawa."

Pasi ilisimama hewani. "Kumtuma? Nani kamtuma?"

Msichana alikuwa nyuma ya marobota ya shuka, na kwa mara ya kwanza alitamani yamwangukie. Alisikia kila kitu: nguo za mteja, robota, mkaa. Baba yake hakupiga kelele. Alimsindikiza mwalimu mpaka nje, akarudi, akasema polepole, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuharibia masomo. Mimi. Haya. Kuanzia kesho sikutaki humu dukani asubuhi. Ukiamka, unaoga, unavaa, unakwenda. Hakuna shuka, hakuna kukaakaa."

"Baba, lakini..."

"Lakini nini? Sema."

Alifungua mdomo. Akaiona ile mikono kama mizizi. Akaufunga.

Kesho yake aliamka na baridi. Hakukuwa na shuka za kukumbatia. Alitembea kwa kushika ukuta mpaka bafuni, akaingia, akausukuma mlango, na komeo akalisukuma kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki. Komeo lenyewe lilikuwa la chuma, gumu, lenye kutu kidogo. Kuingia liliingia. Alijimwagia maji, nayo yalikuwa ya baridi, na maji ya baridi yalimalizia kile ambacho usiku ulikuwa umeanza. Alipotaka kutoka, alishika komeo, likamponyoka. Akashika kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa kama si vyake, kama vijiti mtu kavifunga mwishoni mwa mkono wake. Akajaribu kiwiko, lakini kiwiko kinasukuma tu, hakivuti. Akajaribu meno. Magoti yakakata tamaa kabla yake, akateleza chini, akakaa kwenye sakafu yenye maji.

Bafu lile lilikuwa dogo. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Alikaa pale akitazama komeo, kitu kidogo kama kidole gumba, na akafikiri: hiki ndicho kinachonishinda.

"Mama, unachelewa!" baba aligonga.

"Nakuja."

Akagonga tena. Akaitwa mama mzazi, naye akagonga. "Fungua basi, mwanangu."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kufungua. Mikono haitaki. Na magoti. Hayataki, mama, kila siku hayataki!" Akaangua kilio cha kwikwi.

Kisha akasikia baba yake anakimbia, na baba yake si mtu wa kukimbia. Alirudi na bisibisi, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, akauinua mlango mzima na kuuegemeza ukutani. Mwanga ukaingia. Mama akamfunika kanga, akapiga magoti mbele yake, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza wazazi wake walipoyaona yale magoti saa yake yenyewe: yamevimba, yanang'aa, moto ukiweka kiganja.

"Tangu lini?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu kabla ya mvua."

Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye sabuni, kwa hiyo machozi ndiyo yakazidi.

Siku hiyohiyo walikwenda zahanati. Muuguzi wa pale, mama mnene wa maneno machache, aliyabonyeza magoti, akakunja vidole, akauliza maswali, akashusha pumzi.

"Hapa sisi tumefika mwisho wetu. Naweza kuwapa vidonge vya maumivu, mpeni akizidiwa. Lakini huyu anahitaji daktari bingwa wa baridi yabisi."

"Mtoto?" mama aliruka. "Hiyo si ya wazee?"

"Inawapata watoto pia, hata wadogo kuliko huyu. Lakini sijasema anayo. Nimesema aonwe na mtu anayeijua. Na msichanganye: daktari wa mifupa ni mwingine. Huyo anaunga kilichovunjika, na huyu hajavunjika kitu. Pigeni simu, ulizeni. Anaona watoto? Anajua uvimbe usiotokana na kuanguka? Ataendelea kumfuatilia, au ni sindano na kwaheri? Na je, mtaweza kufika kila akiwaita? Bingwa msiyeweza kumfikia ni picha tu ya ukutani."

Jioni duka lilikuwa na mteja mmoja, bwana mpenda suti, kaleta koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Baba alilielekeza kwenye taa, akakunja uso.

"Nani kalisugua hili?"

"Mke wangu alipaka ndimu," bwana alisema. "Halikutoka. Nikatia sabuni ya kuoshea vyombo. Halafu, aa, na dawa ya choo. Kidogo tu."

"Dawa ya choo! Ndugu yangu, hili doa lingekuja kwangu lilivyo ningelijua ni la nini na ningelitoa. Sasa mmelisugua, limepauka, limejificha ndani ya uzi. Wino? Kutu? Sijui. Mkiniletea doa, nileteeni na sura yake!"

"Niliona aibu kulileta vile," bwana alisema kinyonge. Kisha akamwona msichana kwenye kiti, miguu juu ya ndoo, akasikia habari, naye akawa mshauri. "Kwa magoti? Nendeni kwa yule wa mjini, mwenye bango kubwa. Anachoma sindano, unatoka unakimbia. Mimi bega langu alilimaliza siku moja."

Mama macho yakamng'aa. Siku moja! Baba naye akavutika. Aliweka simu juu ya meza ya pasi, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Mleteni tu," sauti ya mapokezi ilisema kabla hajamaliza kueleza. "Alianguka?"

"Hakuanguka."

"Basi aligongwa. Mleteni, tutapiga picha, ikibidi tunafungua goti."

"Mnafungua?" Msichana aliivuta miguu yake kutoka kwenye ndoo. Baba alishukuru, akakata simu, akamtazama mteja wake. "Huyo ni wa bega lako," akasema. "Si wa kwetu."

Akapiga namba nyingine, ya kliniki ya binafsi iliyo mtaa wa pili. Kijana mmoja akamwambia daktari yupo kila siku, anatibu viungo, tumbo, meno, hata kisukari, na mgonjwa anaondoka mzima. "Meno?" mama alinong'ona. "Na magoti? Mtu mmoja?" Wakakata.

Ya tatu ilikuwa hospitali kubwa, kliniki ya viungo. Iliita muda mrefu. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Alisema ndiyo, wanaona watoto, wana siku yao katika wiki. Ndiyo, daktari humfuatilia mtoto miaka na miaka. Lakini nafasi si ya kesho, itabidi wasubiri wiki kadhaa. Baba alianza kuguna. Ndipo sauti ikauliza, "Samahani, mzazi. Asubuhi akiamka, anachukua muda gani kulainika?"

Msichana alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuna mtu, tangu kabla ya mvua, aliyewahi kumuuliza habari za asubuhi zake isipokuwa kwa kumgombeza.

"Huyo," alisema. "Baba, huyo."

"Wiki kadhaa, mama..."

"Huyo."

Wakaandikishwa. Muuguzi wa zahanati alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa. "Sasa msiende mikono mitupu. Sisemi zawadi. Nendeni na habari zenu: lini ilianza, kiungo gani kilitangulia, nani kwenye ukoo ana viungo vibovu, dawa gani kameza na lini. Na mpigeni picha magoti asubuhi yakiwa yamevimba, kwa sababu magonjwa haya yana tabia ya kujificha ukifika kwa daktari."

Walijitahidi. Baba alimpigia simu dada yake kuuliza habari za ukoo, na ikajulikana kwamba bibi, yule mwenye jina, alitembea na fimbo tangu kijana. Mama alipiga picha za magoti kwa simu yake, asubuhi tatu nne. Lakini msichana alizitazama zile picha na hakuyatambua magoti yake. Yalikuwa magoti ya mtu mzee. Siku mama alipokwenda kuanika, alichukua simu akazifuta zote. Hakufikiri sana. Alitaka tu yasiwepo mahali popote.

Siku ya kwenda hospitali ikafika. Duka likafungwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na mama aliamka kabla ya wote. Alichemsha maji, akachovya taulo, akalikamua, akalizungusha kwenye magoti ya binti yake. Akabadilisha. Akasugua vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya moto. Akampa vidonge vya maumivu na uji. Akarudia taulo. Kisha akamvalisha gauni lililopigwa pasi mpaka marinda yakawa makali kama kisu.

"Huendi kwa bingwa umekunjamana kama tambara," alisema. "Atasema sisi ni watu gani?"

Walitoka. Na ajabu ni kwamba msichana alitembea! Alipita mbele ya duka la jirani ameinua kichwa, hakushika ukuta. Redio alikuwa mlangoni kwao akapiga mluzi. "Kobe! Leo umevaa magurudumu?" Akacheka. Moyo ulikuwa mwepesi. Labda ugonjwa umekwisha, alijiambia. Labda hakuna jina lolote la kuambiwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, na mlango ambao muuguzi aliufunga nyuma yao. Jua lilikuwa limepanda. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake.

"Haya, binti. Leo unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Hebu tembea." Akatembea. "Chuchumaa." Akachuchumaa. "Kunja ngumi." Akakunja.

"Anaendelea vizuri sana leo," mama alisema kwa fahari, kama anayemkabidhi mteja shati.

"Mna picha zozote za asubuhi?"

Mama alichukua simu, akasogeza, akasogeza tena. "Zilikuwepo. Mbona... baba wa mtoto, hukuzigusa?"

"Mimi nizifanyie nini?"

Daktari alibonyeza goti la kushoto, akatulia pale kidogo, akabonyeza la kulia. Akavaa miwani. "Kuna joto kidogo hapa. Kidogo tu. Nikitegemea ninachokiona leo, sina sababu ya kumwanzishia mtoto dawa nzito. Tufanye hivi: rudini nyumbani, na ikizidi..."

Msichana alikuwa anatazama mlango. Ulikuwa na komeo, la chuma, kama lile. Aliona asubuhi ya kesho. Vidole vya miguu, vifundo, magoti. Aliona geti la shule na uongo mwingine mpya, kwa sababu ule wa zamani umekwisha. Rudini nyumbani. Yaani arudi bafuni akae kwenye maji, na safari hii amejifungia mwenyewe, na mwenye bisibisi yuko hapa mbele yake anaaga. Akikaa kimya, hatapewa lile jina la ugonjwa analoliogopa. Lakini na ule mlango hautafunguliwa.

"Daktari," alisema. Sauti ilitoka kama si yake. "Nimepigwa pasi."

"Umepigwa nini?"

"Pasi. Mama amenikanda na taulo za moto tangu alfajiri, na mafuta, na vidonge vya maumivu. Mimi siko hivi. Picha nimezifuta mimi, kwa sababu zilikuwa mbaya. Asubuhi sikunji ngumi, hata komeo la bafuni lilinishinda, baba aling'oa mlango. Na mwalimu nilimdanganya kwamba natumwa. Nimedanganya kila mtu." Akavuta kamasi. "Nimekuja nimenyooshwa. Lakini mimi nina mikunjo."

Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alimtazama mkewe, akatazama marinda ya gauni, kisha akajipiga kipaji cha uso.

"Tumelisugua," alisema. "Lo! Mke wangu, tumelisugua doa! Na majuzi tu nimemfokea mtu na koti lake!"

Daktari hakuelewa habari za koti, lakini alivuta kiti chake karibu mpaka magoti yake yakagusana na ya mgonjwa. "Sasa ndiyo umekuja," alisema. "Nisimulie kuanzia mwanzo. Siku ya kwanza kabisa, ulipoamka, ilikuwaje?"

Wakaongea muda mrefu. Lini, wapi kulitangulia, vidonge vingapi. Habari za bibi na fimbo yake. Mwishoni daktari akasema, "Kesho njooni asubuhi mapema. Bila taulo. Bila mafuta. Bila kidonge. Na mama, hata nywele usimchane kama anaumia. Nataka kumwona alivyoamka."

Kesho yake aliletwa mgongoni kwa baba yake, kaptula ya kulalia, magoti wazi mbele ya mtaa mzima. Redio alikuwa mlangoni tena. Alifungua mdomo, akayaona, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe redio ilizimika. Kisha akakimbia pembeni yao mpaka barabarani, amembebea mwenzake ndala.

Daktari aliyashika magoti, safari hii hakubonyeza zaidi ya mara moja. Akaagiza damu ipimwe. Akaagiza pia aonwe na daktari wa macho, maana alisema ugonjwa huo huweza kuingia machoni kimyakimya bila hata wekundu. Majibu yalipotoka, alimwambia mwenyewe, si wazazi wake.

"Ni baridi yabisi ya watoto. Askari wa mwili wako wamekosea adui, wanashambulia viungo vyako. Hukukosea kitu wewe, wala hujaupata kwa maji ya baridi."

Aliuliza swali lile alilolibeba tangu zamani. "Vidole vyangu vitakuwa kama mizizi?"

"Vingeweza, kama ungeendelea kujificha mpaka vipinde. Tumeanza mapema, na utakunywa dawa hata siku unayojisikia mzima, na utanyoosha viungo kila siku hata ukiona uvivu. Sikuahidi kupona kwa wiki moja. Nakuahidi tu kwamba sikuachi."

Na kweli haikuwa wiki moja. Dawa zilimchafua tumbo mwanzoni, akazinunia. Kuna asubuhi alilia. Lakini baba mwenyewe alikwenda shuleni, akasimama mbele ya mwalimu na kofia mkononi, na msichana akasimama pembeni yake akasema kwa mdomo wake kwamba hakuwahi kutumwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampangia akae karibu na mlango, na akichelewa kidogo asiulizwe mbele ya wenzake. Asubuhi, meza ya pasi ilimsubiri na shuka zake za moto, sasa bila kuomba wala kujifanya anakunja.

Bafu muda wote huo lilikuwa na pazia. Baba hakuthubutu kurudisha ule mlango. Mpaka asubuhi moja, mvua nyingine zikiwa zimeanza, msichana alisimama mlangoni mwa duka.

"Baba, rudisha mlango. Kila nikioga upepo unanichungulia."

"Na komeo?"

"Na komeo."

Baba aliurudisha, akalipaka komeo mafuta ya cherehani. Msichana akaingia, akafunga. Baba na mama walisimama nje kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kacha! Likafungwa. Mama akashika mkono wa mumewe. Kacha! Likafunguliwa, na kichwa kikachomoza.

"Mnasimama hapa mnaangalia nini? Hamna nguo za kufua?"

Baba alicheka mpaka akakaa kwenye ile ndoo. Kisha akajifuta macho, akamvuta binti yake karibu.

"Sikiliza, mama. Humu ndani tumekufundisha kwamba kitu hakitoki na mkunjo. Hilo ni la nguo za watu. Mwili wako si nguo ya mteja. Mwenye kukutibu mpelekee ulivyo, na mwenye kukupenda mwambie ulivyo, hata kama unaona aibu, hata kama atacheka kwanza. Sisi tulicheka, na tulikosea. Lakini usingesema siku ile, mlango ule mimi nisingeung'oa, kwa sababu nisingejua uko ndani."

"Nimesikia, baba."

"Umesikia? Haya, kavae. Kengele haisubiri kobe."

Akaondoka akikimbia nusu, akitembea nusu, na nyuma yake komeo likabaki wazi.